Fisi na Shanta la Sufi

Enzi hizo, kabla milima haijazoea kupandwa na watu wasioalikwa, palikuwa na mbuga moja iliyoitwa Sawasawa. Jina hilo haikulipata bure. Mbuga ilikuwa tambarare kiasi kwamba ukiangusha tikiti asubuhi, jioni ungelikuta pale pale likikutazama. Ukimwondoa Twiga, kitu kirefu kuliko vyote pale kilikuwa kichuguu kimoja cha mchwa, na wageni walipelekwa kukiona.

Maji ya Sawasawa yalitoka mbali, kwenye Mlima Ndundumo, yakaja taratibu kama mtu asiye na haraka. Mwaka mmoja mto ukaanza kukonda. Ukawa kijito, kijito kikawa uzi, uzi ukakatika. Likabaki dimbwi moja la tope, na foleni yake ilianzia huko ambako macho yanachoka.

Korongo ndiye aliyeleta habari. "Jabali limeporomoka huko mlimani," alisema, "limekaa kwenye mdomo wa chemchemi kama kizibo. Pimbi wanaoishi kule wamelisukuma mpaka wamekonda. Wanasema, leteni wenye miili!"

Simba akaitisha baraza. Alikaa juu ya jiwe, manyoya yamechanwa, kidevu kimeinuliwa kuliko ilivyohitajika.

"Ningekwenda mwenyewe," alisema, "lakini mlima ukiniona utajiona mfupi, na mimi sipendi kuaibisha wenyeji."

"Busara, Mtukufu, busara," wakajibu wote, maana ndivyo alivyojibiwa siku zote.

Sungura akasimama. "Mtukufu, safari ile ni ya siku nyingi, na huko juu ni mawe matupu. Chakula unabeba mgongoni. Sasa hapa kwetu hakuna aliyewahi kupanda chochote. Nyumbu hapa hata kitanda anapandishwa."

"Ni kweli," akasema Nyumbu, bila kinyongo.

"Kwa hiyo lazima wapandaji wafanye mazoezi. Tutatumia kichuguu. Kila mpandaji atavaa shanta, ule mfuko wa kubeba mgongoni, lijazwe mawe, apande na kushuka, apande na kushuka, mpaka miguu izoee. Na kwa kuwa kazi hiyo inamaliza nguvu, kila kaya itoe kidogo ilicho nacho, ili wapandaji wale. Mwenye mzigo mkubwa apewe sahani kubwa."

Huko nyuma kabisa, Fisi alikuwa amelala. Habari za mto hazikumwamsha. Habari za jabali hazikumwamsha. Lakini neno "sahani" lilimwingia sikioni likamsimamisha wima, macho bado yamefumbwa.

"Mimi!" alipiga kelele. "Najitolea!"

"Unajitolea kufanya nini?" Sungura akauliza.

"Hicho hicho chenye sahani!"

Baraza likacheka, lakini Fisi hakujali. Alijitokeza katikati, akageuka upande ili wote wamwone vizuri. "Nitazameni, jamani. Mabega juu, makalio chini. Mimi nimeumbwa kwenye mteremko! Nikisimama hapa tambarare, tayari napanda. Nyinyi mtajifunza mlima. Mimi nimezaliwa nao."

Simba alipenda maneno makubwa, hasa yasiyozidi ya kwake. "Huyu namchagua mwenyewe," alisema. "Jicho langu halikosei."

Wakachaguliwa pia wengine wawili: Bi Ngiri, ambaye alikuwa na nguvu na ulimi usio na mlango, na Nyumbu, ambaye alikwenda kwa sababu wenzake walikuwa wanakwenda. Mwalimu wao akawa Sungura.

Siku ya kwanza Fisi alibeba mawe ya kweli. Alikipanda kichuguu mara moja tu, akaona nyota jua likiwa utosini. Ulimi ukaburuza vumbi. Wakati huohuo upepo ukamletea harufu ya nyama kavu kutoka jikoni, na Fisi akajikuta kati ya maumivu mawili: kama angeacha, asingekula. Kama angeendelea, angekufa kabla ya kula. Hilo la pili ndilo lililomwuma zaidi.

Alipokuwa anajikokota kurudi kwake, kitu laini kikamwangukia puani. Akatazama juu. Ulikuwa mti wa msufi, matunda yake yamepasuka, sufi nyeupe inaning'inia kama mawingu madogo yaliyopotea njia. Fisi akaitazama ile sufi. Sufi nayo ni kama ilimtazama. Wakaelewana.

Kesho yake alikuja na shanta lililofura kama shavu la mwenye jino bovu. Ndani lilishindiliwa sufi tupu, na juu, karibu na mdomo, alipanga vijiwe vichache vya kuonekana.

"Lo!" akasema Nyumbu. "Kaka Fisi, umebeba nusu ya mawe ya mto!"

"Mdogo wangu," Fisi akajibu kwa sauti ya mtu anayeagana na dunia, "usinisemeshe. Pumzi naihitaji."

Hapo ndipo alipogundua kipaji ambacho hakujua kuwa anacho. Fisi alikuwa mwigizaji! Alikuwa na mguno wa kupanda na mguno wa kushuka. Alikuwa na mguno wa kukata kona, na mwingine, maalumu, wa kupita mbele ya jiko. Aliyumba, akapepesuka, akashika kiuno, akasema, "Niacheni, msinisaidie," kabla hajatokea mtu wa kumsaidia. Akina mama waliokuwa foleni ya tope walifuta machozi. Sahani yake ikawa kubwa. Kisha ikawa mbili. Kaya zilizokuwa zinatoa kiazi kimoja zikatoa viwili, zenyewe zikalala na uji mwepesi, kwa sababu ya Fisi, yule anayejiua kwa ajili yetu.

Bi Ngiri, aliyebeba mawe kamili na kulowa kama aliyetoka mtoni, alimtazama kwa jicho moja. "We Fisi. Mbona hutoki jasho?"

"Ukoo wetu tunatoka jasho la ndani."

"Likitoka linakwenda wapi?"

"Linarudi. Hatupotezi kitu."

"Na mbona unanenepa?"

"Hiyo misuli, dada yangu. Misuli ikikaa pamoja kwa mbali huonekana kama kitambi."

Siku moja upepo mkali ulivuma wakati Fisi yuko kileleni mwa kichuguu. Shanta likashika upepo kama tanga, miguu yake yote ikaachana na ardhi, akapaa kidogo, akatua upande wa pili akiwa amekaa.

"Kaka, umeruka!" akasema Nyumbu, mdomo wazi. "Na mawe yote hayo!"

"Ni nguvu," akasema Fisi, akijikung'uta haraka. "Nikijisahau zinanirusha."

Sungura alikuwa amesimama kando. Aliona jinsi Fisi alivyopaa, na tena aliona kipande cha sufi kimenasa mkiani mwake. Masikio yake tu ndiyo yaliyocheka, moja likianza, lingine likifuatia.

Siku ya safari ikafika. Wote walikusanyika, ngoma zinapigwa, Simba kachana manyoya mara mbili. Fisi alikuwa amekwisha panga mambo yake. Sahani alizokula zilitosha, mlima ulikuwa wa wengine. Alijilaza mbele ya umati, akashika tumbo, akatoa mguno mpya aliouhifadhi kwa siku hiyo.

"Ooo, tumbo! Jamani, nendeni tu. Mkifika mniombee."

Umati ukahuzunika. Lakini Sungura akapiga magoti mbele ya Simba, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Mtukufu, hili ni pigo. Nilikusudia Fisi abebe chakula chote cha safari, kwa kuwa ndiye pekee mwenye mgongo wa kukiweza. Nyama kavu, mifupa ya supu, asali, viazi, njugu. Basi, haidhuru. Tumpe Bi Ngiri."

Mguno wa Fisi ukakatikia katikati. Akafungua jicho moja. "Nyama kavu... yote?"

"Yote."

"Mgongoni kwa mtu mmoja?"

"Mmoja tu, toka hapa mpaka kileleni."

Fisi akasimama. "Ajabu sana," alisema. "Limepona."

Simba akafurahi. "Mnaona? Jicho langu!"

Sungura alilijaza lile shanta chakula chote, akalifunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Lilikuwa zito kweli, zito la kufanya magoti ya Fisi yasalimiane. Fundo akaliweka katikati ya mgongo, mahali ambapo hata kiroboto hafiki bila kuuliza njia.

Safari ikaanza. Kwenye tambarare Fisi alijikaza kwa matumaini, kila mara akigeuza shingo kulia, mdomo usifike, akaigeuza kushoto, mdomo usifike. Mara nyingine alijizungukia kama paka anayefukuza mkia, akilifuata shanta lake, na shanta likimkimbia kwa mwendo uleule.

"Anafanya nini?" akauliza Nyumbu.

"Anapasha misuli moto," akasema Sungura. "Mwige." Nyumbu akaanza naye kujizungukia.

Walipofika chini ya Ndundumo walisimama. Ardhi ilikuwa imeinuka mbele yao, ikaendelea kuinuka, haikuonekana kuwa na nia ya kuacha.

"Nani kaiinua upande mmoja?" Nyumbu akanong'ona. "Mwalimu, mlima unaanzia wapi?"

"Chini."

"Na unaishia wapi?"

"Juu."

"Sasa kwa nini tusianzie huko unakoishia?"

Bi Ngiri akamsukuma kwa pembe, wakaanza kupanda. Na hapo mawe ya kichuguu yakaonyesha kazi yake. Bi Ngiri alipanda kwa hatua fupi fupi, akihema vizuri, miguu inajua inachofanya. Nyumbu akamfuata kama kawaida yake. Fisi yeye alibaki nyuma, anavuta mguu mmoja baada ya mwingine kana kwamba kila mguu aliuazima kwa mtu tofauti. Jasho lilimtoka usoni, mgongoni, hata kwenye kucha. Na katika mateso yote hayo harufu ya nyama kavu ilikuwa hapo hapo, nyuma ya masikio, ikimpumulia shingoni.

"Kaka," Nyumbu akasema kwa upole, "leo mguno wako umebadilika. Ule wa nyumbani ulikuwa mtamu zaidi."

"Bi Ngiri, dada yangu wa damu," Fisi akaita. "Hebu nikune mgongo. Hapo kati. Hapo kwenye fundo."

"Nikukune kwa pembe?"

"Hata kwa shoka!"

"Kakunwe na ukoo wenu wa jasho la ndani."

Kila walipopumzika kula, Sungura alilifungua fundo, akagawa sehemu sawa kwa sawa, akalifunga tena. Fisi alipata kiasi kilekile alichopata Nyumbu. Hakuwahi kutukanwa namna hiyo maishani mwake.

Hatimaye njia ikawatoa juu ya mteremko mrefu wenye majani mafupi. Chini yake, kwenye mkunjo wa mlima, jabali lilikuwa limekaa mdomoni mwa chemchemi, duara, limenona, halina habari na mtu. Pimbi walilizunguka. Mkubwa wao, Bi Pimbi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akawapungia mkono.

"Karibuni! Mmechelewa! Na mnahema vibaya!"

Wengine wakaanza kushuka. Fisi akakaa chini. "Lazima mtu abaki na chakula. Kuna wezi."

"Wezi gani wa huku juu?" Bi Ngiri akauliza.

"Wapo. Nawajua."

"Ndiyo. Unawajua sana."

Wakamwacha. Kule chini wakaliegemea jabali, Sungura akiimba, wenzake wakiitikia na kusukuma. Jabali likatulia. Wakasukuma tena, pimbi wote wakisaidia kwa matumbo yao madogo. Jabali likatikisika kidogo, likafikiri, likarudi mahali pake.

Korongo akapita juu yao, sauti imemkauka. "Fanyeni haraka! Dimbwi limekwisha. Nyumbani wanalamba udongo!"

Sungura akatazama juu ya mteremko. "Fisi! Shuka! Limebaki bega la mtu mmoja tu! Njoo utie bega!"

"Nakuja!" Fisi akajibu, na hakuja. Alikuwa na shughuli. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani alikuwa peke yake na nyama ile, na fundo tu ndilo lililowatenganisha. Akawaza sana. Nyumbani, kupe akikuuma mahali ambapo mdomo haufiki, unafanyaje? Unajilaza chali, unajigaragaza mpaka ateseke. Basi! Angejigaragaza juu ya shanta mpaka lipasuke.

Fisi alikuwa mtu wa Sawasawa. Kule, mtu akijilaza mahali, analala mahali hapo. Ukijigaragaza kulia unarudi kushoto, na ukimaliza unajikuta ulipoanzia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna nchi ambako ardhi haikushiki. Akajilaza chali, akajisukuma kulia kwa raha zote.

Akaenda kulia. Kisha akaendelea kwenda kulia.

Aliona mbingu, akaona majani. Akaona mbingu tena, akasema, "Si tumeonana sasa hivi?" Majani yakampita, mbingu ikampita, vikaanza kufuatana kwa kasi mpaka vikawa rangi moja. Shanta lilimvuta, naye akalivuta shanta, na wote wawili wakashuka Ndundumo kama pipa lililoachiwa na mlevi.

"Anakuja!" Nyumbu akashangilia. "Mwalimu, umemwita na kweli anakuja!"

"Kimbieni!" akasema Sungura.

Wakatawanyika. DUU! Mlima ulitikisika. Jabali lililogoma kwa kila bega lilipokea kichwa cha Fisi na uzito wa nyama yote ya Sawasawa, likaguna, likaondoka mahali pake. Maji yaliyokuwa yamebanwa msimu mzima yakaruka juu, yakaanguka, yakakumbuka njia ya nyumbani, yakaondoka na Fisi.

Na humo majini ndipo shanta lilipopasuka. Kamba ikakatika, fundo likafunguka lenyewe, na nyama kavu yote ikatoka mbele ya macho yake, ikaelea. Iliogelea kulia kwake, ikaogelea kushoto kwake. Kila alipofungua mdomo kuinyakua, maji yaliwahi kuingia kwanza. Alikunywa mto karibu wote. Hakula hata unyuzi.

Alifika Sawasawa mbele ya maji, anavimba, anapiga chafya. Watu wakaruka ndani ya mto na vyungu vyao, wanacheka, wanarushiana maji, wazee wanateleza na kushangilia. Chakula kilielea hadi ukingoni, na kila kaya ikaokota. "Ala! Hii si nyama yangu niliyotoa?" "Na viazi vyangu hivi!" Wakala, wakanywa. Fisi alikuwa amelala mchangani, hana hata nguvu ya kuomba.

Wenzake waliposhuka kutoka mlimani, Simba aliitisha baraza. "Ni nani aliyeling'oa jabali?"

"Fisi, Mtukufu," Sungura akasema, na hakuna aliyeweza kusema kuwa ni uongo. "Peke yake. Kwa kichwa."

Vigelegele! Fisi akainua shingo. Taratibu, tabasamu likaanza kumrudia, kwa kuwa palipo na vigelegele kwa kawaida na sahani haiko mbali.

"Nilijua," akasema Simba. "Nilimchagua mwenyewe. Fisi, kuanzia leo wewe ni Mlinzi Mkuu wa Chemchemi. Kila mwezi ukiandama utaupanda Ndundumo, ukahakikishe jabali halirudi. Katikati ya mwezi utafanya mazoezi kwenye kichuguu, kwa mzigo uleule mkubwa uliotushangaza wote."

Tabasamu la Fisi likaanguka lote kwa pamoja.

"Na sahani, Mtukufu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Shujaa halishwi kama ndama. Shujaa anaheshimiwa."

Fisi akajitupa miguuni pake. "Mtukufu, mimi si shujaa! Nilibeba sufi! Sufi tupu! Nilikuwa naguna bure! Kule mlimani nilikuwa naiba nyama, nikateleza!"

Mama mmoja barazani akafuta machozi. "Unyenyekevu gani huu," alisema. "Hataki hata kusifiwa."

"Jamani, mimi mwizi! Niulizeni!"

"Nilijua!" Bi Ngiri akaruka. "Nilisema mimi! Jasho la ndani!"

Simba akamgeukia polepole. "Bi Ngiri. Unasema jicho langu lilikosea?"

Bi Ngiri akakaa chini. "Hapana, Mtukufu. Nilikuwa nakohoa."

"Vizuri. Nimemchagua shujaa, basi ni shujaa." Simba akaagiza liletwe jiwe bapa, zito, lenye alama ya unyayo wake wa kulia. "Fisi, safari yako ya kwanza ni kesho. Hili utalisimika kileleni, ili mlima ujue nani mfalme wake. Usiliburuze. Linaingia mchanga."

Asubuhi umati mzima ulikuja kumsindikiza, na vigelegele, na ngoma. Sungura alimfunga shanta jipya kwa upendo, akaivuta kamba, akaligonga gonga. "Ni jiwe kweli, Mlinzi Mkuu," alimnong'oneza. "Nimehakikisha mwenyewe."

"Sungura, ndugu yangu," Fisi akasema huku anapepesuka. "Waambie. Wewe wanakusikiliza. Waambie mimi mwongo."

"Nitawaambiaje?" Sungura akajibu. "Umewashawishi vizuri mno."

Fisi akaondoka, mgongo umepinda, anaguna mguno mmoja tu, ule wa kweli, usio na utamu wowote. Na wewe unayejigamba mbele za watu kwa jambo usiloliweza, angalia sana: iko siku watakuamini.

Hadithi imetua mzigo wake hapa. Mwenye mgongo mzima na auchukue.